Riwaya ya Upelelezi, Sehemu ya Tano: Kitabu cha Kwanza na Siri ya Tajiri wa Melbourne

The Mystery of a Hansom Cab, riwaya ya kwanza ya Fergus Hume, ilichapishwa mjini Melbourne, Australia, mwaka 1886. Inaanza kwa habari ya gazeti. Usiku wa manane, mwezi wa Julai, mwendesha gari la farasi la kukodi anafika kituo cha polisi cha St Kilda akiwa na abiria aliyekufa. Marehemu amefungwa leso mdomoni, nayo inanuka klorofomu. Mfukoni hana cha kumtambulisha. Mtu aliyepanda naye alishuka njiani, na mwendeshaji hakushuku neno. Si ajabu kwamba hakushuku, kwa kuwa gari la aina hiyo lilikuwa na magurudumu mawili, abiria wakiketi mbele na mwendeshaji akiketi juu, nyuma ya paa. Aliona barabara na masikio ya farasi wake. Yaliyotendeka chini yake hakuyaona. Hume alichagua chombo ambacho kila mkazi wa mji ule alikuwa amekipanda, akakigeuza chumba cha mauaji.

Sehemu zilizotangulia zilieleza jinsi Edgar Allan Poe alivyomzua Dupin mwaka 1841 na jinsi polisi wa Paris walivyochangia kuzaliwa kwa mpelelezi wa vitabuni. Sehemu hii inashughulikia aina moja tu ya riwaya: ile ambayo ni kazi ya kwanza ya mwandishi wake katika fani hii, na ambayo kiini chake ni maisha ya siri ya mtu anayeheshimiwa. Sababu ya kuichagua sasa ni msimu wa tuzo. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, imekuwa ikitolewa Aprili 13, siku aliyozaliwa Mwalimu, tangu mwaka 2023, na riwaya ni mojawapo ya nyanja zake. Nyuma ya tuzo ya namna hiyo kuna miswada mingi ya watu ambao hawajawahi kuchapisha kitabu. Historia ya vitabu vya kwanza ina mengi ya kuwafaa, mema na machungu.

Hume alizaliwa Uingereza mwaka 1859, akalelewa Dunedin, New Zealand, akasomea sheria, kisha mwaka 1885 akahamia Melbourne na kuajiriwa kama karani katika ofisi ya wakili. Kilichomvuta hasa ni jukwaa. Alitaka kuandika tamthilia, lakini mameneja wa majumba ya michezo hawakukubali hata kuzisoma. Baadaye alisimulia mwenyewe kwamba alimwendea muuza vitabu mmoja wa mji huo na kumwuliza ni vitabu gani vinanunuliwa kuliko vingine. Akajibiwa kwamba ni vya Mfaransa Émile Gaboriau. Alivinunua, akavisoma kwa makini, akavichambua kama fundi saa anayefungua saa ya mwenzake, kisha akaketi kuandika cha kwake.

Hapa lazima tusimame kwa Gaboriau, kwa kuwa bila yeye Hume haeleweki. Gaboriau alizaliwa Saujon, magharibi mwa Ufaransa, mwaka 1832, na alifariki Paris mwaka 1873 akiwa na miaka 40 tu. Alikuwa katibu wa mwandishi Paul Féval, na katika kutafuta habari alizoea kuzunguka mahakamani na kwenye nyumba ya kuhifadhia maiti. Alikwisha kutoa vitabu vingine, lakini riwaya yake ya kwanza ya upelelezi ni L'Affaire Lerouge. Ilitoka kwa mfululizo katika gazeti la Le Pays mwaka 1865 bila kutikisa mtu. Mwaka uliofuata ilirudiwa katika gazeti la Le Soleil, na safari hiyo wasomaji wakaing'ang'ania. Maneno ni yale yale, mwandishi ni yule yule, ila gazeti lilikuwa jingine. Wahariri wanaoukataa mswada na kudhani wameuhukumu milele wangefanya vyema kuukumbuka mwaka huo mmoja.

Kisa chenyewe kimejengwa kwa ustadi mkubwa. Mwezi Machi 1862, wanawake watano wa kijiji cha La Jonchère wanakwenda polisi wa Bougival kueleza kwamba mjane Lerouge hajaonekana kwa siku mbili. Mlango unavunjwa, na mjane anakutwa ameuawa. Hakuna ajuaye alikotoka, wala nani aliyempa fedha za kuishi kwa raha vile. Polisi wa kawaida wanatafuta mtu wa kukamata. Mzee Tabaret, karani mstaafu wa ofisi ya kuwekea rehani anayefanya upelelezi kwa mapenzi tu, anaanza na swali la busara zaidi: huyu mama alikuwa nani? Anapima nyayo, anachunguza majivu ya sigara, anatoa sura ya muuaji: kijana, mrefu kiasi, amevaa vizuri, ana kofia ndefu na mwavuli.

Tabaret naye ana maisha mawili. Majirani wanamwona akitoka usiku na kurudi alfajiri, wakakata shauri kwamba ni mzee mhuni, kumbe anatoka kuwasaidia polisi. Juu ya hayo, yeye mwenyewe alidanganywa na baba yake mzazi. Kwa miaka mingi alimtunza baba huyo akiamini ni fukara, akajinyima hata kuoa. Alipomzika akakuta mzee alikuwa na mali nyingi aliyoificha. Gaboriau hakuliweka tukio hilo kwa bahati. Mtu aliyetapeliwa na siri ya baba yake ndiye anayefaa kuandika upya habari za baba za watu wengine.

Mjane, inagundulika, alikuwa mnyonyeshaji. Bwana mkubwa, Count de Commarin, alipata watoto wawili wa kiume karibu wakati mmoja, mmoja kwa mke wa ndoa na mmoja kwa hawara, akaagiza wabadilishwe ili mwana wa hawara arithi jina na mali. Wakili kijana Noël Gerdy, mpangaji wa Tabaret anayependwa na mzee kama mwanawe, anamwonyesha barua zinazothibitisha njama hiyo, kwamba yeye Noël ndiye mrithi halali. Tabaret anaunganisha mambo: anayefaidika na kifo cha mjane ni Albert, anayeishi katika kasri kwa jina lisilo lake. Albert anakamatwa. Kila alama inalingana naye. Naye anakataa kusema alikuwa wapi usiku ule, kwa sababu alikuwa na binti anayempenda, na hataki jina lake litajwe.

Kosa ni kubwa. Mume wa mjane, baharia, anatokea na kueleza kwamba watoto hawakubadilishwa kamwe; yeye alizuia. Noël aliujua ukweli huo, na mjane aliujua pia, kwa hiyo Noël akamwua. Mwenye kofia ndefu na mwavuli alikuwa akiishi chini ya paa moja na mpelelezi, akimweka hawara wa gharama kubwa ambaye hakuna aliyemjua. Tabaret anavunjika moyo. Mwishoni mwa kitabu anatia saini maombi ya kufutwa kwa adhabu ya kifo, na anaandaa msaada kwa watuhumiwa maskini wasio na hatia. Jambo hilo linastahili kusisitizwa. Riwaya iliyoanzisha mkondo mzima wa upelelezi Ufaransa ilimtoa mpelelezi aliyekosea, na ikamfanya atubu kwa vitendo. Waandishi wengi waliofuata walichukua nyayo, majivu na mwavuli, wakaiacha toba.

Hume alichukua urithi huo na kuupeleka katika mji mpya. Dhahabu ilipatikana Victoria mwaka 1851, na katika muda wa umri wa mtu mmoja Melbourne ikageuka kutoka kijiji cha wafugaji hadi mji wa mabenki, majumba ya mawe na klabu za mabwana. Matajiri wake wengi walikuwa na sifa moja: hakuna aliyejua kwa hakika walivyokuwa kabla ya kutajirika. Mtu angeweza kuacha jina, deni au mke ng'ambo ya bahari, au hata mitaa michache tu kutoka kasri lake. Kwa riwaya ya siri hakuna udongo wenye rutuba kuliko huo.

Tajiri wa kitabu ni Mark Frettlby, na binti yake anaitwa Madge. Aliyeuawa ndani ya gari ni Oliver Whyte, kijana aliyetoka London, ambaye Frettlby, kwa sababu isiyoeleweka, alikuwa akimpendelea awe mkwewe. Madge anampenda mwingine, Brian Fitzgerald, na ndiye anayekamatwa na mpelelezi Gorby. Kama Albert wa Gaboriau, Brian anakataa kusema alikuwa wapi. Wakili wake Calton na mpelelezi wa pili, Kilsip, wanaanza kuchimba, na njia inawatoa kwenye klabu ya mabwana na kuwaingiza katika vichochoro vya nyuma ya Little Bourke Street, mwendo wa dakika chache kwa miguu. Kurasa za vichochoro hivyo ndizo bora kuliko zote kitabuni. Hume anaandika kwa hofu ya mtu wa tabaka la kati, na maneno yake kuhusu Wachina na maskini yana dharau ambayo msomaji wa leo hana sababu ya kuivumilia. Hata hivyo aliona kitu kilichowapita wengi: mji wa juu na mji wa chini ulikuwa familia moja.

Usiku wa mauaji, msichana wa vichochoroni aitwaye Sal Rawlins alimpelekea Brian barua, akamwongoza hadi kwenye kitanda cha mwanamke aliyekuwa akikata roho. Mwanamke huyo, Rosanna Moore, aliyewahi kuwa mchezaji wa jukwaani, ndiye mke wa kwanza wa Frettlby, aliyeolewa kihalali. Waliachana, Frettlby akaamini amekufa, akaoa tena. Kumbe alikuwa hai. Maana yake ni kwamba ndoa ya pili haikuwa ndoa, na kwa sheria ya Kiingereza ya wakati ule Madge, malkia wa karamu zote za mji, alikuwa mtoto wa nje ya ndoa. Na Sal, aliyelelewa na bibi mlevi katika uchafu wa kichochoro, ndiye binti halali. Whyte alikuwa na cheti cha ndoa ile, akakitumia kumbana tajiri: ampe Madge, au siri itoke.

Aliyemwua Whyte si Frettlby. Ni Roger Moreland, rafiki wa Whyte, aliyekitaka cheti ili naye amkamue tajiri. Brian anaokolewa Sal anapopatikana dakika za mwisho na kutoa ushahidi mahakamani. Baadaye Madge, kwa huruma, anamchukua Sal nyumbani kwao kama mtumishi. Dada anamwajiri dada na hakuna kati yao anayejua. Frettlby anakufa akiacha maandishi ya kukiri, na watu wachache walioyasoma wanashauriana: Madge asiambiwe, Sal asiambiwe, mji usijue. Brian na Madge wanaoana na kupanda meli.

Kwa Hume huo ni mwisho mwema. Kwa msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki, aliyelelewa kuamini kwamba aibu ya mtu, na hasa ya marehemu, husitiriwa, mwisho huo unahitaji kupimwa kwa mizani nyingine. Mwosha maiti haruhusiwi kusimulia kasoro alizoziona kwenye mwili aliouosha. Adabu hiyo ni ya kale na ni nzuri. Lakini sitara hiyo humlinda asiyeweza kujitetea. Haikuwekwa ili kumnyang'anya yatima jina la baba yake. Mabwana wa Melbourne walimsitiri tajiri aliyekwisha kufa na binti aliyekwisha kupata kila kitu, na gharama ikalipwa na msichana wa kichochoroni. Gaboriau alimtubisha mpelelezi wake kwa kumdhulumu Albert kwa siku chache. Hume hakumtubisha yeyote kwa kumdhulumu Sal maisha yake yote. Hapo ndipo kitabu kinapopungukiwa, na upungufu huo ni wa uadilifu kabla ya kuwa wa ufundi.

Historia ya kuchapishwa kwake nayo ina dhuluma yake. Hume aliupeleka mswada kwa wachapishaji wa Melbourne, na kwa maelezo yake hawakutaka hata kuutazama, kwa kuwa waliamini mtu wa makoloni hawezi kuandika kitu cha maana. Akachapisha nakala 5,000 kwa fedha zake mwenyewe. Ziliisha upesi, na ikabidi zichapwe nyingine. Ndipo akakubali kuuza hakimiliki kwa pauni 50. Walionunua waliunda kampuni, wakakitoa kitabu London mwaka 1887, na huko kiliuzwa kwa mamia ya maelfu. Mwandishi hakupata sehemu yake katika mauzo hayo. Alihamia Uingereza mwaka 1888 na kuandika vitabu zaidi ya mia, na hakuna hata kimoja kilichofikia cha kwanza. Alifariki mwaka 1932.

Mwaka huo huo wa 1887, na mjini London vilevile, ilitoka riwaya ya kwanza ya daktari kijana wa Southsea, ambaye alikuwa ameiuza hakimiliki yake kwa pauni 25. Ilikuwa A Study in Scarlet, na daktari alikuwa Arthur Conan Doyle. Humo Sherlock Holmes anatokea kwa mara ya kwanza, na humo pia maiti ana siri: Mmarekani Enoch Drebber, aliyekutwa amekufa katika nyumba tupu, alikuwa na historia ya ukatili huko Utah, na karibu nusu ya kitabu inatumika kuieleza. Doyle aliweza kujikomboa baadaye kwa sababu Holmes alibaki wake na hadithi mpya zikalipwa vizuri. Agatha Christie hakuwa na bahati kubwa zaidi mwanzoni. The Mysterious Affair at Styles ilikataliwa na wachapishaji kadhaa kabla ya John Lane kuitoa mwaka 1920, naye alilipwa pauni 25, huku mkataba ukimfunga kwa vitabu vingine vitano.

Mikataba ya namna hiyo si kumbukumbu ya kale tu. Mwandishi wa kwanza ana njaa ya kuona jina lake kwenye jalada, na njaa hiyo ndiyo anayopimiwa bei. Tanzania Bara ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, inayomlinda mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Ulinzi huo unaweza kukabidhiwa mtu mwingine kwa saini moja. Anayeuza mswada kwa malipo ya mkupuo anauza na filamu, na tamthilia ya redio, na tafsiri, na toleo la shule ambalo huenda lingewasomesha wajukuu wake. Kila karani, mwalimu na muuguzi anayeandika usiku angepaswa kuisoma habari ya pauni 50 za Hume kabla ya kushika kalamu ya kutia saini.

Ukiwatazama waandishi hawa pamoja, kazi walizokuwa wakizifanya hazikutokea kwa bahati. Hume alikuwa karani wa wakili, akiishi katikati ya mafaili ya ndoa, wosia na madeni. Doyle alikuwa daktari. Christie alifanya kazi katika chumba cha dawa cha hospitali ya Torquay wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na sumu ya strikinini katika riwaya yake ilielezwa kwa usahihi uliosifiwa na jarida la wafamasia. Anna Katharine Green, aliyetoa The Leavenworth Case mjini New York mwaka 1878, kitabu cha kwanza kilichojaa mambo ya ndoa ya siri, alikuwa binti wa wakili. Wote walikuwa karibu na kazi ambazo watu huzikabidhi siri zao kwa kuaminiana. Karani anayejua yaliyomo katika wosia hanyanyui mdomo sokoni. Daktari anayejua ugonjwa wa mheshimiwa humwamkia barabarani kama kawaida. Mtu aliyezoea kubeba siri huujua uzito wake, na mwandishi asiyeujua uzito huo hufichua mambo ovyo: ukurasa wa kumi hawara, wa ishirini mtoto wa nje, wa thelathini bastola, na msomaji hajali hata kimoja.

Mfano ulio karibu nasi ni Muhammed Said Abdulla. Alizaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918. Kabla ya kuwa mwandishi wa habari alikuwa mkaguzi wa afya, kazi inayompeleka mtu uani, visimani na jikoni, mahali ambapo mgeni wa kawaida hapiti. Mwaka 1948 aliingia katika uhariri wa gazeti la Zanzibari, akafanya kazi na magazeti mengine ya visiwani, na mwaka 1958 akawa mhariri wa Mkulima, jarida la idara ya kilimo, hadi alipostaafu mwaka 1968. Wakati huo East African Literature Bureau, shirika la vitabu lililoundwa na serikali za kikoloni mwaka 1948, liliendesha mashindano ya uandishi wa hadithi za Kiswahili. Mswada wa Abdulla ulishinda katika mashindano ya 1957-58, na mwaka 1960 ukatoka kama kitabu: Mzimu wa Watu wa Kale.

Hicho ndicho kitabu cha kwanza cha Bwana Msa, mvuta kiko, na rafiki yake Najum. Deni kwa Doyle liko wazi na Abdulla hakulificha. Ila alichokijenga juu ya deni hilo ni cha Unguja. Mwenye mali, Bwana Ali Bomani, anakutwa ameuawa mzimuni, mahali ambapo watu huenda kutambika na ambapo maelezo ya kifo yako tayari kabla ya uchunguzi kuanza: mizimu imekasirika. Mpelelezi wa London au Melbourne anapambana na wongo wa muuaji peke yake. Bwana Msa anapambana na wongo huo pamoja na uvivu wa akili wa kijiji kizima, na anafanya hivyo kwa upole, kwa mazungumzo marefu, bila kuwadharau wazee. Silaha yake ni maswali. Uhusiano wa watu, nani ni mtoto wa nani na nani alimnyima nani haki yake, ndio unaochimbuliwa kidogo kidogo katika vitabu vyake, na uzito wa nasaba katika jamii ya visiwa unazifanya siri za uzazi kuwa nzito kuliko zile za Paris.

Kabla ya hapo msomaji wa Kiswahili alikuwa na Alfu Lela Ulela, na tangu miaka ya mwisho ya 1920 tafsiri kama Kisiwa Chenye Hazina na Mashimo ya Mfalme Sulemani. Alikuwa na safari, hazina na majini. Hakuwa na mtu anayeketi barazani akafikiri. Kisima cha Giningi ilifuata mwaka 1968, kisha Duniani Kuna Watu mwaka 1973, Siri ya Sifuri mwaka 1974, Mke Mmoja Waume Watatu mwaka 1975, Mwana wa Yungi Hulewa mwaka 1976 na Kosa la Bwana Msa mwaka 1984. Abdulla alifariki mwaka 1991. Tofauti na Hume, kitabu chake cha kwanza hakikuwa kilele cha pekee, bali kilimfungulia njia. Sababu moja ni kwamba alikiandika akiwa mtu mzima wa miaka karibu 40, mwenye kazi, mwenye lugha iliyokomaa gazetini, na asiyeharakishwa na njaa ya sifa. Waandaaji wa mashindano wanaoweka ukomo wa umri kwa waandishi wapya wangemkosa.

Mashindano yale ya 1957-58 yalifanya jambo ambalo wachapishaji wa Melbourne walilikataa: yalisoma mswada wa mtu asiye na jina. Tuzo za sasa, ikiwamo ile ya Mwalimu Nyerere na ile ya Safal-Cornell iliyoanza mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, zinaendeleza kazi hiyo kwa Kiswahili. Kinachobaki kufanywa kwa riwaya ya upelelezi ni kuipa nafasi sawa. Bado wapo wanaoiona kuwa fasihi pendwa ya kusomea safarini, isiyofaa kushindana na riwaya nzito, na mwandishi anayetaka ushindi hujifunza mapema kuificha maiti yake nyuma ya hotuba za kijamii. Gaboriau alipinga adhabu ya kifo kwa njia ya maiti ya mjane wa kijijini. Abdulla alitetea matumizi ya akili kwa njia ya maiti ya mzimuni. Jopo la waamuzi linalotaka uzito litaupata humo.

Mwandishi anayetayarisha mswada wa namna hii ana mambo matatu ya kujifunza kwa waliotajwa. Siri iwe na mtu hai anayeumizwa nayo, kama Sal. Mpelelezi aweze kukosea, na kosa lake limgharimu, kama Tabaret. Na mazingira yawe yale ambayo mwandishi ameingia hadi uani, kama mkaguzi wa afya wa Unguja. Kwa upande wa ofisi: asome masharti ya shindano kuhusu hakimiliki kabla ya kutuma, abaki na nakala yenye tarehe, na asikabidhi haki za filamu na tafsiri katika mkataba wa kitabu bila malipo yake kutajwa kwa maandishi.

Sehemu ya sita itamchukua Faraji Katalambulla na Simu ya Kifo ya mwaka 1965, ambapo upelelezi wa Kiswahili ulihama kutoka visiwani kwenda Bara, ukaacha kiko na kushika simu.